Nyongeza ya Elfu Mbili Inafika Mfukoni Ikiwa Ngapi?

Assalaamu alaykum. Wazee wetu, mama zetu, walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, machifu na manaibu wao, na nyinyi mliovuka maji tangu alfajiri kutoka Faza, Kizingitini na Ndau mkafika hapa Amu, mji wetu wa Lamu: itifaki yote imezingatiwa. Karibuni.

Tumeitwa tuzungumzie mabadiliko ya mshahara na marupurupu yanayomfikia mtumishi wa serikali kila mwaka. Swali tunaloulizwa zaidi ni moja: "Redioni wametangaza tumeongezwa. Mbona benki naona ni ile ile?" Wengine huuliza kwa hasira zaidi, kwa sababu pesa ya mwezi huu imepungua. Jibu lake limo ndani ya hati yako ya mshahara, nasi tumekuja kuisoma pamoja nanyi, mstari kwa mstari.

Yako mambo matatu ambayo watu huyachanganya wakayaita yote "nyongeza".

La kwanza ni nyongeza ya mwaka. Hii ni yako peke yako. Kila gredi ina ngazi zake, na mwezi wako ukifika unapanda ngazi moja. Haingoji tangazo wala mgomo. Mwezi huo umetokana na tarehe uliyoajiriwa au uliyopandishwa cheo, na umeandikwa kwenye rekodi zako. Ambaye haujui mwezi wake, auulize kabla ya kulala leo. Nyongeza hii ikisimama, sababu huwa mojawapo kati ya chache: umefika ngazi ya mwisho ya gredi yako, ulikuwa kwenye likizo isiyo na malipo, una kesi ya nidhamu, au barua yako ya kuthibitishwa kazini baada ya majaribio haijaingizwa. Hii ya mwisho ndiyo inayowaumiza vijana. Mtu amemaliza majaribio salama, mkuu wake ameridhika naye, lakini barua imelala kwenye faili na mfumo bado unamwona yuko kwenye majaribio. Mfumo hauna macho ya kumwona akifanya kazi. Unaona kilichoandikwa tu.

La pili ni marekebisho ya mishahara, yanayogusa gredi nzima. Haya ni ya Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoundwa kwa kifungu cha 230 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Tume huyapitia kwa vipindi vya miaka minne: 2013 hadi 2017, 2017 hadi 2021, 2021 hadi 2025, na sasa 2025 hadi 2029. Kwa maafisa wa dola, yaani viongozi kama wabunge na magavana, inapanga yenyewe. Kwetu sisi watumishi wengine inatoa ushauri, na walimu wanakumbuka ushauri huo una uzito gani. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliwapa nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Novemba mwaka uo huo Mahakama ya Rufaa ikaifuta, ikisema ushauri wa SRC unafunga. Kwa hiyo chama kikikuambia kimekubaliana na mwajiri, uliza kwanza kama SRC imepitisha. Kama bado, usiende kukopa.

Kisha sikilizeni vizuri neno "awamu". Mwaka 2023 zilitangazwa nyongeza za kati ya asilimia 7 na 10, zikagawanywa katika miaka miwili ya fedha. Aliyesikia 10 akaingoja yote Julai ile ile alivunjika moyo bure. Makubaliano ya walimu yaliyotiwa sahihi Julai 2025 nayo ni ya miaka minne na yanalipwa kwa awamu. Asilimia ya kwenye gazeti ni ya safari nzima. Ya mwezi huu ni kipande chake.

La tatu ni kupandishwa cheo. Hapo unahama gredi, marupurupu ya nyumba na usafiri nayo yanahama, na mwezi wako wa nyongeza ya mwaka unaweza kubadilika. Aliyepandishwa asiendelee kuungojea mwezi wa zamani.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye mzizi.

Tuseme mtumishi ana mshahara wa msingi 40,000. Marupurupu ya nyumba 10,000, ya usafiri 5,000, na ya mazingira magumu, yaani ya kufanya kazi mahali pagumu kuishi, 8,000. Hizi ni tarakimu za mfano, msizisake kwenye waraka. Jumla ni 63,000. Kwanza inatoka bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 ya jumla yote: 1,732.50. Kisha ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya jumla: 945. Kisha pensheni. Kwa aliye kwenye mfuko wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, ni asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi: 3,000. Hayo matatu yakitoka inabaki 57,322.50, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, ambayo ni 2,083.25. Zilizobaki, 24,989.50, kwa asilimia 30, ambayo ni 7,496.85. Jumla ya kodi ni 11,980.10. Toa nafuu ya kila mlipa kodi, 2,400 kwa mwezi, unalipa 9,580.10. Kinachobaki kabla ya makato ya sako, yaani chama cha akiba na mikopo, na ya mikopo mingine ni 47,742.40.

Mwezi wake wa nyongeza umefika, mshahara wa msingi umepanda kwa 2,000. Bima inachukua 55. Ushuru wa nyumba 30. Pensheni 150. Iliyobaki, 1,765, yote imeangukia kwenye asilimia 30, kwa hiyo kodi inachukua 529.50. Inayofika benki ni 1,235.50.

Bandu bandu huisha gogo. Hakuna aliyeiba. Lakini aliyeahidi karo ya mtoto kwa hesabu ya elfu mbili ana pengo la shilingi 764.50 kila mwezi, na pengo hilo ndilo linalompeleka kwa mkopeshaji wa simu.

Tubaki hapo kidogo, kwa sababu kuna faida isiyoonekana. Kama zile 2,000 zingewekwa kwenye marupurupu ya nyumba badala ya mshahara wa msingi, zisingekatwa pensheni, na mfukoni zingefika 1,340.50. Zaidi ya mia moja mbele. Ndiyo maana wengi hushangilia marupurupu. Lakini pensheni huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Serikali huweka asilimia 15 juu ya 7.5 yako, yaani kwa kila 2,000 ya msingi, wewe unaweka 150 na serikali inaweka 300. Marupurupu ya nyumba hayakuletei hata senti moja ya hizo 300, na siku ya kustaafu yanakatika. Kwa maoni yetu, chama kinachopigania mshahara wa msingi kinawatendea wanachama wake haki zaidi kuliko kinachopigania marupurupu, hata kama makofi ni machache.

Kuna imani imeenea kwamba nyongeza ndogo inaweza kukusukuma kwenye kiwango cha juu cha kodi ukatoka na pesa kidogo kuliko zamani. Sivyo. Asilimia ya juu inatozwa kile kipande kilichovuka mpaka tu. Kilichobaki chini kinatozwa kama jana. Kama pesa yako ilipungua miaka hii, tazama kwingine. Pensheni ilianza kwa asilimia 2 mwaka 2021, ikawa 5 mwaka 2022, ikafika 7.5 mwaka 2023. Ushuru wa nyumba ulirudi kwa sheria mpya Machi 2024. Oktoba 2024 bima ya zamani ikaondoka, na huyu mtumishi wetu wa 63,000 aliyekuwa akikatwa 1,300 akaanza kukatwa 1,732.50. Kila mwaka kulikuja kitu, na kila kimoja kilikula nyongeza ya mwaka huo.

Nafuu moja ilikuja tarehe 27 Desemba 2024: bima ya afya na ushuru wa nyumba vikaanza kutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, na kima cha pensheni kinachosamehewa kodi kikapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Hakikisheni mmepewa. Chukua jumla yako, toa bima, toa ushuru wa nyumba, toa pensheni. Ukipata tarakimu tofauti na ile inayoonyeshwa kuwa ndiyo iliyotozwa kodi, peleka swali kwa karani wa mishahara, kwa maandishi.

Ndugu zetu wa mkataba, nyinyi hamna pensheni hiyo, mnakatwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mwaka ulioanza Februari 2025 ilihesabiwa asilimia 6 hadi mshahara wa 72,000, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa kilikuwa 4,320 kwa mwezi, na mwajiri huweka sawa na chako. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi, mradi cheti chake cha msamaha kiko hai. Cheti kina mwisho wake, na kikifa kodi inaanza kukatwa mwezi ule ule bila kukupigia simu.

Tuje kwenye mahali, maana sisi wa pwani hii mahali ni pesa.

Lamu inahesabiwa mazingira magumu, na anayefanya kazi huku anastahili marupurupu yake. Malindi mjini si hivyo, lakini kwa upande wa nyumba, mgawanyo uliotumika miaka mingi umeiweka Malindi kundi la pili baada ya Nairobi, pamoja na Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kwa hiyo mwalimu akihamishwa kutoka Malindi kuja Amu, nyumba inashuka na mazingira magumu yanaingia. Akienda Malindi, kinyume chake. Marupurupu haya yanafuata kituo cha kazi. Hayafuati kwenu ulikozaliwa wala mke na watoto wanakoishi.

Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi. Mtu amevuka, ameripoti, anafundisha Faza mwezi wa tatu sasa, lakini kituo cha zamani hakijapeleka barua ya kumwachilia au kituo kipya hakijapeleka barua ya kuripoti. Kwenye mfumo yuko Malindi bado. Analipwa nyumba ya Malindi, hapati mazingira magumu. Hili huwa linasahihishwa, na malimbikizo hulipwa. Tatizo kubwa ni yule aliyekwenda upande wa pili: amehama Lamu, na mazingira magumu yanaendelea kuingia. Ananyamaza, anaona ni riziki. Si riziki, ni deni. Siku ukaguzi ukipita, zile pesa za miezi yote zinakatwa kwenye mshahara wake. Ukiona umelipwa kisicho chako, andika barua mwezi huo huo, na pesa hizo usiziguse.

Marupurupu ya usafiri nayo yanakwenda kwa gredi. Hayahesabu kama unapanda boti au unatembea. Tunajua muuguzi wa Kiwayu na muuguzi wa Nairobi wa gredi moja hawasafiri safari moja, na tunaamini hili linafaa kuwekwa mbele ya SRC, kwa hoja na gharama zilizoandikwa, wakati tume inapokaribisha maoni. Manung'uniko ya barazani hayaingii kwenye kikao.

Sasa theluthi. Mtumishi wa umma hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote, na Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza makato kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwa msingi wa 40,000, sakafu ni 13,333. Kila Julai, na kila mwezi wa nyongeza, wakopeshaji hujitokeza: "Umepandishwa elfu mbili, sasa unaweza kuongeza mkopo." Wapigieni hesabu. Benki imeongezeka 1,235.50. Sakafu nayo imepanda, theluthi ya 2,000, karibu 667. Nafasi iliyofunguka ni shilingi 569 hivi kwa mwezi, basi. Anayekuuzia mkopo wa kukatwa 2,000 anakuuzia nafasi ambayo huna.

Tena ukibaki pale pale kwenye sakafu hiyo, makato mapya ya sheria yakija huna pa kuyaweka. Makato ya serikali hutangulia. Yakishachukua nafasi, mfumo huyakataa makato ya sako au benki, na wewe hujui mpaka upigiwe simu kwamba mkopo umesimama na riba inapanda. Wakati bima ilipobadilika Oktoba 2024, waliokuwa na nafasi ya elfu mbili au tatu juu ya theluthi hawakusikia kitu. Achieni nafasi hiyo. Huo ndio ushauri wetu wa dhati kabisa leo.

Malimbikizo. Nyongeza ikichelewa miezi minne, inalipwa kwa mkupuo na inakatwa kodi kwenye mwezi iliyolipwa. Kwa wa mshahara mdogo, mkupuo unaweza kuvuka 32,333 na sehemu yake ikatozwa asilimia 30 badala ya 25. Mshahara wa mwezi unaofuata ukirudi chini ya ule wa malimbikizo, usipige mbiu kwamba umepunguzwa. Linganisha mstari wa mshahara wa msingi pekee. Huo ndio usemao kweli.

Watumishi wa kaunti mna jambo lenu la ziada. Kanuni za fedha za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na Lamu ni kati ya kaunti zinazopata mgao mdogo kabisa kutoka hazina. Marekebisho yakishapitishwa, yanahitaji kuwekwa kwenye bajeti inayoanza tarehe 1 Julai. Yasipowekwa, yatangoja bajeti ya ziada, au mwaka mwingine. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia mwisho wa Aprili, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wawakilishi wenu wawe pale mwezi wa tano. Kuja mwezi wa saba ni kumkimbilia nahodha chombo kimeshang'oa nanga.

Ukiona kosa, fanya hivi. Weka hati mbili mbele yako, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Andika mstari uliokosewa, tarehe ulipopaswa kuanza, na kiasi. Barua iwe fupi, jambo moja. Ambatisha nakala ya barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa au ya uhamisho kulingana na kosa lenyewe, na zile hati mbili. Ipitishe kwa mkuu wa kituo, upate muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Ukienda mikono mitupu ukaeleza kwa mdomo, karani atakuonea huruma, kisha atasahau. Na msingojee tarehe 28: orodha ya mishahara hufungwa siku nyingi kabla ya mwezi kwisha, na barua iliyokosa boti ya kwenda Mokowe, gati ya bara, wiki ile inangoja mwezi mwingine mzima. Mali bila daftari huisha bila habari. Chapisheni hati zenu angalau mbili kwa mwaka, ya Juni na ya mwezi wa nyongeza, mzihifadhi nyumbani, pamoja na fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka, ambayo mtaihitaji kuwasilisha ripoti ya kodi kabla ya 30 Juni.

Tumewabakishia wazee wetu mwisho, nao ndio wenye haraka zaidi. Waliokuwa na miaka 45 au zaidi Januari 2021 na hawakuchagua kuhama wako kwenye pensheni ya zamani, ambayo haihesabu michango. Inahesabu mshahara wa mwisho. Unachukua mshahara wa msingi wa mwaka, unazidisha kwa miezi uliyotumika, unagawanya kwa 480. Mwenye msingi wa 50,000 kwa mwezi ana 600,000 kwa mwaka. Kwa miezi 360 inakuwa 450,000. Akichagua mkupuo, robo yake, 112,500, inazidishwa mara 20: analipwa 2,250,000 kwa pamoja. Inayobaki, 337,500 kwa mwaka, ni 28,125 kila mwezi.

Sasa mchukulie huyo huyo, lakini nyongeza yake ya mwisho ya 2,000 ilikwama kwa barua isiyoingizwa, akastaafu bila kuifuatilia. Mkupuo umepungua kwa 90,000. Pensheni imepungua kwa 1,125 kila mwezi, maisha yake yote. Alipokuwa kazini aliona ni elfu moja na mia tatu hivi tu, akasema haina shida.

Umri wa kustaafu ni 60, na 65 kwa wenye ulemavu. Ukifika 59, anza. Hakikisha nyongeza zote zimeingia, cheo kilichoandikwa kwenye barua kinalingana na cha kwenye hati, na jina ni moja kwenye kitambulisho, kwenye barua ya kuajiriwa na kwenye benki. Hapa kwetu mtu huajiriwa kwa jina la baba na babu, kitambulisho kikaandikwa la ukoo, akaitwa Athman huku na Athumani kule. Faili ya namna hiyo ikifika Bima House, Nairobi, kwenye ofisi za pensheni, inarudishwa, ije hadi Mokowe, ivuke, imtafute mwenyewe, ipande tena. Wakati huo mshahara umeshakatika na pensheni haijaanza. Kiapo cha jina kwa wakili ni kazi ya siku moja. Kifanyeni mkiwa bado mnalipwa. Tuna meza tatu pale nyuma. Waliozidi miaka 58 watangulie, na kila mmoja aje na hati yake ya mwisho ya mshahara mkononi.